Kuondoa gundi kuukuu kwenye vipande vya nje vya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stika imebanduka nusu, moldingi ya mlango (ule mkanda wa pambo wa ubavuni) imedondoka njiani, au nembo ya buti imetolewa ili gari lipigwe rangi. Palipokuwa safi sasa pana ukoko wa gundi uliogeuka mweusi kwa vumbi, na sabuni haiugusi. Kila anayeniletea gari lenye shida hii huanza na swali lilelile: nitumie dawa gani? Mimi humuuliza kwanza gundi imeshika juu ya kitu gani. Gundi ikikushinda leo, kesho utaijaribu kwa njia nyingine. Plastiki ikishayeyuka haina kesho.

Kwa nini gundi ya miaka mingi ni ngumu kuliko ya jana?

Kwa sababu si gundi ileile tena. Gundi ya stika au ya tepu ikiwa mpya ni nyuzi ndefu za kemikali zilizolala pamoja bila kufungana, ndiyo maana hunata na kunyumbuka. Jua na hewa vikiipiga kwa miaka, baadhi ya nyuzi hufungana zenyewe kwa zenyewe na gundi hukauka kama kokoto. Nyingine hukatikakatika na gundi hugeuka ulimbo. Gari moja linaweza kuwa na hali zote mbili: kavu upande unaotazama juu, ya kuvutika upande wa kivuli.

Stika za vinaili zina tatizo lao la ziada. Vinaili hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole. Stika husinyaa na kupasuka vipandevipande, huku mafuta yaliyotoka yakiingia kwenye gundi na kuifanya uteute unaopakaa kila mahali.

Bonyeza kwa kidole kabla hujashika dawa yoyote. Ile kavu inahitaji joto na muda wa kuloweka. Ile ya ulimbo usiipashe moto, utaitandaza tu. Ifanyie kazi asubuhi gari likiwa bado baridi, na mara nyingi tepu kali ikibandikwa juu yake na kuvutwa huondoka na sehemu kubwa.

Nitajuaje kipande changu kimetengenezwa na nini?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeanza nalo. Kama kipande kinachomoka, kigeuze. Plastiki nyingi za magari zimechapwa alama nyuma, kati ya mishale miwili inayotazamana, kwa mfano >ABS<, >PP<, >PC+ABS< au >PP+EPDM-TD20<. Huo ni utaratibu wa kimataifa wa kutambulisha plastiki, ISO 11469. Hiyo ya mwisho inasema ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, ikaongezwa unga wa talki kwa asilimia 20. Ndiyo plastiki ya kawaida ya bampa na ya zile kingo nyeusi za juu ya magurudumu.

Kama hakichomoki, tumia macho, kucha na sikio. Plastiki nyeusi isiyong'aa, yenye uso wa chengachenga kama ngozi, karibu siku zote ni ya jamii ya polipropilini. Nyeusi inayong'aa kama kioo, ile ya kwenye nguzo kati ya madirisha, huwa ABS au akriliki, na ndiyo nyepesi kuharibika kuliko zote. Kinachong'aa kama fedha kigonge kwa kucha. Kikitoa mlio wa plastiki na hakina ubaridi wa chuma, ni ABS iliyopakwa kromu. Nembo nyingi na grili nyingi ni za aina hiyo. Kikiwa baridi, chepesi, na rangi yake ya fedha imefifia kidogo kama hariri, huenda ni alumini iliyofanyiwa anodaizi (iliyoongezewa utando wa oksidi kwa umeme), hasa kwenye reli za juu ya paa na mikanda ya kuzunguka madirisha. Chuma kisichoshika kutu hutumika sehemu hizohizo na hung'aa zaidi. Usitegemee sumaku kuvitenganisha, maana baadhi ya vyuma hivyo navyo havishikwi na sumaku.

Lenzi za taa za mbele ni polikaboneti yenye ngozi nyembamba ya kinga juu yake. Mipira ya milango na madirisha kwa kawaida ni EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani. Na kipande chenye rangi ya gari kichukulie kama rangi, si kama plastiki. Rangi ndiyo itakayoguswa na dawa.

Nianze na nini?

Maji na shampuu ya gari, kabla ya chochote. Watu huliruka hili kwa sababu wanaona gundi tu, hawaoni mchanga uliojipachika ndani yake. Ukimwaga dawa na kusugua hapo, umeshika msasa.

Kausha, sogeza gari kivulini, subiri uso upoe. Kisha jaribu dawa uliyochagua mahali pasipoonekana: chini ya ukingo, nyuma ya kipande, ndani ya mlango. Weka tone kwenye kitambaa cheupe, kandamiza kwa dakika moja, futa, angalia mambo matatu. Kitambaa kimechukua rangi ya kipande? Uso umefifia? Kidole kikipita, panateleza kama zamani au panashika? Dalili moja tu ikionekana, achana na dawa hiyo.

Ukishapata dawa inayofaa, iache ifanye kazi. Loweka kipande cha kitambaa, kilaze juu ya gundi, funika kwa nailoni isikauke, subiri dakika 3 hadi 5. Sukuma gundi kwa kikwangulio cha plastiki au kadi ya benki iliyokwisha muda, ukiilaza karibu sawa na uso. Rudia mara tatu, mara nne. Anayechukua dawa dhaifu na kurudia mara nne humaliza salama kuliko anayechukua kali ili amalize mara moja, na sijaona gari lililokwenda kinyume na hilo. Maliza kwa kuosha tena, kwa sababu dawa iliyobaki kwenye maungio huendelea kufanya kazi hata wewe ukishaondoka.

Haya, dawa gani kwa kipande gani?

Kwa rangi ya kiwandani iliyokomaa, waiti spiriti (kiyeyusho cha petroli cha kuzimulia rangi za mafuta), spiriti ya isopropili, au dawa za kuondolea lami na gundi zinazouzwa kwa ajili ya magari zinafaa. Rangi iliyopigwa upya ni jambo jingine. Kama hujui fundi alitumia rangi gani, chukulia ni ile inayoyeyuka kwa thina, na usithubutu kuisogezea kitu cha jamii hiyo. Na kama ilipigwa majuzi tu, muulize fundi inakomaa lini, usiiguse kwa dawa ya kuyeyusha hadi siku hiyo.

Kromu juu ya plastiki: spiriti ya isopropili au waiti spiriti kwa kitambaa laini. Kromu yenyewe ni utando mwembamba mno, kwa hiyo waya wa kusugulia sufuria, msasa na sabuni za unga ni marufuku. Mikwaruzo yake haing'arishwi ikaisha.

Alumini ya anodaizi haiogopi spiriti. Inaogopa asidi kali na alkali kali. Ule utando wake wa oksidi hutulia kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 4 na 8 hivi. Nje ya hapo huanza kuliwa, na doa jeupe linalotokea halifutiki. Dawa za kusafishia jiko zenye kostiki soda, na baadhi ya sabuni kali za kuoshea rimu, zisifike hapo kabisa.

Plastiki nyeusi inayong'aa: anza na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kitambaa kikikaa juu dakika 10 hata 15. Ikishindikana, isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uipake na kuifuta papo hapo. Isopropili kali ikikaa juu ya akriliki inaweza kuipasua nyufa ndogondogo kama za ute mkavu wa yai. Kwa taa za mbele fuata utaratibu huohuo.

Plastiki ya chengachenga na mipira nimeviwekea maswali yake huko chini.

Mafuta ya taa yanafaa?

Kwenye rangi ya kiwandani na kwenye chuma, ndiyo. Ni ndugu wa waiti spiriti, machafu zaidi na yenye harufu inayoganda. Hulainisha gundi taratibu, na huacha utando wa mafuta ambao lazima uoshwe kwa sabuni ukimaliza. Kwenye mipira, hapana. EPDM hunywa mafuta ya petroli na kuvimba, na mpira uliovimba hauzibi tena maji.

Na petroli?

Hapana, hata kidogo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata ikiwa chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, yaani saa zote, mahali popote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukute cheche mita kadhaa kutoka ulipo wewe. Ina pia kemikali iitwayo benzini (benzene), ambayo husababisha saratani. Hakuna gundi ya stika inayostahili hatari hiyo.

Asetoni, thina, kiondoa rangi ya kucha?

Kwa vipande vya nje vya gari, visahau vyote vitatu. Asetoni huyeyusha ABS, polikaboneti na akriliki. Haivisafishi, huviyeyusha, na kazi hiyo huanza sekunde ileile kinapoguswa. Thina ya rangi mara nyingi ina asetoni au toluini ndani yake. Viondoa rangi ya kucha vingi ni asetoni iliyotiwa manukato.

Niliwahi kufuta tone moja la gundi kwenye nguzo nyeusi ya mlango kwa kitambaa kilichokuwa kimeshika thina ya kazi nyingine. Nilipitisha mara moja. Ule mng'ao wa kioo ukageuka ukungu wa kijivu wenye alama za nyuzi za kitambaa, na kipande kile kilibadilishwa chote. Tangu siku hiyo vitambaa vyangu vya thina vina ndoo yao, mbali na vingine.

WD-40 au mafuta ya kupikia je?

Vyote viwili husaidia gundi laini ya stika, na vyote ni vya upole. WD-40 ina viyeyusho vya jamii ya waiti spiriti pamoja na mafuta. Mafuta ya kupikia hayayeyushi sana, ila hupenya taratibu na kuifanya gundi isishike. Loweka nusu saa, sukuma kwa kadi. Nayapenda mafuta ya kupikia kwa rangi nisiyoijua historia yake, maana sijawahi kuyaona yakiidhuru. Usiyatumie kwenye plastiki ya chengachenga wala mahali unapokusudia kubandika kitu upya bila kuosha kwa makini, kwa sababu tepu haishiki juu ya mafuta.

Dawa zinazotokana na maganda ya machungwa zisikudanganye kwa harufu yake. Ni viyeyusho vya kweli, na zikiachwa muda mrefu hulainisha plastiki. Dakika mbili, futa, osha.

Moldingi imetoka ikaacha tepu nene ya povu. Sabuni, mafuta, vyote vimeshindwa.

Povu hilo ni akriliki tupu, kuanzia gundi hadi kiini chake, na lilitengenezwa makusudi lishike kwa miaka. Kampuni ya 3M ilileta tepu za namna hii sokoni mwaka 1980, na leo vipande vingi vya nje vya magari hushikiliwa nazo bila skrubu hata moja. Ukijaribu kuliyeyusha kutoka juu utapoteza siku, kwa sababu povu hunyonya dawa kabla haijafika kwenye gundi. Kazi yake ni ya hatua mbili, na kuzichanganya ndiko kunakochosha watu.

Hatua ya kwanza ni kuondoa povu, si gundi. Lipashe kwa drai ya nywele mpaka uso uwe moto lakini bado unaweza kuweka kiganja. Kama kipande chenyewe bado kimeshika, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, uzungushe ncha zake kwenye vijiti viwili, ukate ukienda mbele na nyuma kama msumeno. Usikivute kipande kwa nguvu. Nembo za plastiki huvunjika miguu, na mikanda ya alumini ikishapinda haikubali kunyooka tena. Kipande kikitoka, ling'oe povu kwa dole gumba ukilisukuma na kulikunja lijiviringe lenyewe. Povu huvuta povu. Ukipata mwanzo mzuri, utatoa mkanda mrefu kwa mkupuo mmoja. Likikatika, pasha tena.

Dole gumba litauma. Vaa glavu, pumzika, badilisha mkono. Nimewaona watu wakifika hapa na kuchukua bisibisi, na alama ya bisibisi kwenye rangi hukaa muda mrefu kuliko gundi ingekaa.

Hatua ya pili ni ule utando mwembamba unaobaki, wa kijivu au unaoona rangi kupitia ndani yake. Huo sasa ndio wa kulowekwa kwa dawa uliyokwisha kuijaribu. Kitambaa, nailoni, dakika 5, kadi. Mahali palipokuwa pameshinda saa mbili patamalizika kwa robo saa.

Joto kiasi gani ni salama?

Kiganja ndicho kipimo. Ukishindwa kukiweka kwa sekunde tano, umezidisha. ABS hupoteza ugumu wake ikikaribia nyuzi 100, na kipande chembamba hupinda kabla ya hapo kikivutwa. Drai ya nywele inatosha kwa karibu kazi zote hizi. Blowa ya joto ya mafundi inaweza kutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi. Anayeizoea ataitumia kwa mbali akiisogeza bila kusimama, lakini anayejifunza asijifunzie kwenye gari. Na joto lisikutane na dawa. Pasha kwanza, ng'oa povu, acha papoe, ndipo ufungue chupa.

Lile gurudumu la mpira la kuchomeka kwenye drili linafaa?

Kwenye rangi ya kiwandani na kwenye chuma linafanya kazi nzuri, hasa kwa mikanda mirefu ya milangoni. Heshimu mwendo wa juu ulioandikwa kwenye gurudumu lenyewe, gusa kwa wepesi, na usisimame mahali pamoja hata kwa sekunde mbili, maana msuguano huunguza rangi. Kaa mbali na kingo, ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote. Usilipeleke kwenye plastiki ya aina yoyote, wala kwenye kromu.

Gundi imeingia kwenye plastiki nyeusi ya chengachenga. Kila nikifuta inazidi kuenea.

Kitambaa husukuma gundi iliyolainika ndani ya vijishimo, na ndiyo maana inazidi kutanda. Hapa badilisha kifaa. Kwanza toa yote inayoweza kutoka ikiwa kavu: bandika tepu kali juu, kandamiza, vuta kwa haraka, rudia na kipande kipya kila mara mpaka tepu itoke safi. Ndipo upake isopropili kidogo, eneo la ukubwa wa kadi tu, usugue kwa brashi laini, mswaki mkuukuu unafaa, ukizungusha. Kabla haijakauka, kandamiza kitambaa kikavu juu na kuinua, kama unavyokausha wino. Usifute. Geuza kitambaa upande safi kila ukigusa.

Ikikauka na kuacha weupe, mara nyingi weupe huo ni nta ya zamani iliyokuwa imejaza vijishimo, si plastiki iliyoharibika. Maji ya moto kiasi, sabuni, brashi ileile. Tahadhari moja: mahali uliposafisha panaweza kuonekana tofauti na kwingine kwa sababu pamebaki patupu. Safisha kipande kizima, kisha upake dawa ya kulinda plastiki kwa pamoja.

Na mipira ya milango?

Isopropili, kwa kitambaa, kwa muda mfupi, halafu maji. EPDM huvumilia isopropili vizuri. Haivumilii mafuta ya taa, petroli, WD-40 ya kulowekwa, wala grisi ya kawaida. Gundi ikiwa ya ulimbo, viringisha kwa kidole kama unavyotoa ugoro wa kifutio kwenye karatasi.

Fundi wa rangi aliacha tepu ya karatasi juani wiki nzima. Imekauka na kuchanikachanika.

Lowesha karatasi kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka ilegee, uitoe yote kwanza. Ibaki gundi peke yake, kisha waiti spiriti kama rangi ni ya kiwandani, au mafuta ya kupikia kama ndiyo kwanza imepigwa. Tepu hii ni mtoto wa gereji. Richard Drew wa 3M aliibuni mwaka 1925 baada ya kuona mafundi wa rangi wakihangaika na magari ya rangi mbili, kila wakibandua karatasi zao na rangi inatoka nazo. Ilitengenezwa ishike kwa muda mfupi na kutoka. Kuiacha juani kwa siku nyingi ni kuidai kazi isiyo yake.

Mtu alirudishia nembo kwa supagluu. Au kwa silikoni.

Supagluu iliyokauka ni ngumu lakini dhaifu ikipigwa au ikifunuliwa pembeni. Kwenye kromu laini mara nyingi huruka yenyewe ukiisukuma kwa ncha ya plastiki baada ya kuilowesha maji ya moto kiasi kwa nusu saa. Asetoni ndiyo huiyeyusha, na umeshaona kwa nini hatuiiti. Kwenye rangi, kilichobaki kikwanguliwe polepole kwa msasa laini sana wa maji, namba 2000, juu ya gundi pekee, kisha polishi. Kama mkono wako haujawahi kushika msasa juu ya rangi, mpe fundi.

Silikoni haiyeyuki kwa spiriti wala asetoni. Waiti spiriti huivimbisha kidogo ikawa rahisi kukwangua, na hapo unaitoa kwa kadi na kidole, kidogokidogo. Mwambie fundi wa rangi kwamba palikuwa na silikoni, hata kama huioni tena. Chembe zake hufanya rangi mpya ijikunje na kuacha vijishimo, naye atahitaji kupasafisha kwa namna yake.

Gundi imeisha lakini umbo la nembo bado naliona.

Hiyo si gundi. Rangi iliyokuwa chini ya nembo haikuona jua, ya pembeni imezeeka. Polishi laini kwa kuzunguka eneo pana hupunguza tofauti, wakati mwingine huimaliza. Ukihisi ukingo kwa ukucha, basi uchafu umekula rangi pembezoni mwa nembo, na polishi haitaufikia wote. Kwenye plastiki isiyo na rangi na kwenye alumini ya anodaizi, kivuli hicho hakina dawa.

Nimeshaharibu. Kuna ukungu mahali nilipofuta.

Acha kila kitu na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Subiri siku moja, kwa sababu baadhi ya ukungu ni mabaki ya dawa tu na hutoka kwa kuosha mara ya pili. Ukiendelea kuwepo kwenye plastiki ya kung'aa au kwenye rangi, polishi laini kwa mkono inaweza kuurudisha kama ni wa juujuu. Nyufa ndogondogo hazirudi. Kipande hicho hubadilishwa, hupigwa rangi au huvalishwa vinaili. Plastiki ya chengachenga iliyolainika ikapoteza chenga zake nayo hairudi. Utasikia ushauri wa kuipitishia moto ili iwe nyeusi tena. Weusi huo hutokana na kuyeyusha ngozi ya juu ya plastiki, haudumu, na ukikosea kidogo utaongeza baka jingine linalong'aa. Mimi siufanyi.

Tahadhari zipi za mwili na moto?

Fanyia nje au mahali penye hewa inayopita, mbali na moto, sigara na cheche za umeme. Isopropili hushika moto kuanzia nyuzi 12 hivi, yaani hata siku ya baridi. Vaa glavu za naitraili kwa spiriti na waiti spiriti, na uzibadilishe zikianza kulegea. Linda macho unapofanya kazi ukiwa chini ya kipande, maana tone hudondoka.

Vitambaa vilivyolowa usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa. Vya mafuta ya mimea hasa vinaweza kujipasha joto vyenyewe vikirundikwa na kuwaka saa kadhaa baadaye, wakati hakuna mtu. Vitandaze nje vikauke kabisa.

Nataka kubandika kipande upya mahali hapohapo. Nifanyeje kishike?

Kila chembe ya gundi ya zamani itoke pande zote mbili, kwenye bodi na mgongoni mwa kipande. Osha, kausha, kisha futa kwa isopropili na maji nusu kwa nusu, ukielekea upande mmoja, kitambaa kipya kila upande. Usiguse tena kwa kidole. Kama kipande ni cha polipropilini, tepu ya kawaida haitakishika vizuri bila kimiminika maalumu cha kuandaa plastiki hiyo, kinachopakwa kwanza na kuachwa kikauke.

Pima kwa tepu ya karatasi kabla hujatoa kinga ya tepu ya povu, kwa sababu ikigusa imegusa. Fanya kazi hiyo uso ukiwa kati ya nyuzi 21 na 38. Kandamiza kwa nguvu urefu wote, si katikati tu, kwani kinachoifanya tepu hii ishike ni kukandamizwa. Baada ya dakika 20 inakuwa imefika karibu nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 karibu asilimia 90, na hukamilika saa 72. Mpaka hapo gari lisipite kwenye mashine ya kuoshea ya maji ya presha.